Anayeanza Mazoezi ya Pumzi Aanze na Kutoa

Mwambie mtu avute pumzi ndefu, kisha mtazame mabega. Yatapanda. Kifua kitatutumka, shingo itakakamaa, na akirudia haraka haraka mara kadhaa atakwambia kichwa kinamzunguka. Wengi wanaoanza mazoezi ya pumzi ya kiroho huanza hivyo, na wapo wanaokihesabu kizunguzungu hicho kuwa dalili ya kufika. Kabla ya kuwakubalia au kuwakatalia, tuangalie pumzi yenyewe inavyofanya kazi.

Mapafu hayana misuli ya kujitanua yenyewe. Kazi hiyo hufanywa hasa na kiwambo, yaani msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka, mapafu hutanuka na hewa huingia. Kikilegea, hupanda na hewa hutoka. Ndiyo maana pumzi tulivu huonekana tumboni kuliko mabegani. Laza kiganja juu ya kitovu: ukivuta, kiganja kinyanyuke, ukitoa, kishuke. Mtoto mchanga aliyelala chali hupumua hivyo bila kufundishwa na mtu.

Kuna pia hamu ya kuvuta pumzi. Tunadhani huja kwa sababu oksijeni imepungua. Kwa mtu mwenye afya, kinachoiamsha hasa ni kabonidioksidi iliyoongezeka katika damu. Sasa, anayepumua kwa nguvu na kwa haraka huitoa kabonidioksidi hiyo kupita kiasi. Ikishuka sana, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, kichwa huwa chepesi, na vidole na midomo huanza kuchonyota. Kile kizunguzungu kimetoka hapo. Ni habari ya damu. Ya roho hatujaifikia bado.

Moyo nao hufuata pumzi. Ukivuta, mapigo huongezeka mwendo kidogo, ukitoa, hupungua. Neva ya vagasi, inayoteremka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, ndiyo inayoupunguza moyo kasi, na kazi yake huonekana zaidi wakati wa kutoa pumzi. Kiswahili, kwa njia yake, kimeziweka pumzi na kupumzika katika shina moja.

Mwaka 2001 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake kwa watu 23 wenye afya. Walisali Ave Maria ya rozari kwa Kilatini, na wakatamka mantra ya Kibuda, Om mani padme hum. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Sala hizi mbili, zilizozaliwa mbali kabisa, ziliwashusha hadi karibu mara 6. Mawimbi ya mapigo ya moyo na ya shinikizo la damu yakaenda pamoja. Watu 23 ni wachache, na hakuna kifaa kilichopima imani yao. Hata hivyo inaonekana kwamba waliozoea kusali waliujua mwendo huu kabla ya maabara.

Nchini India zoezi la pumzi huitwa pranayama. Katika mafundisho ya Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, ni hatua ya nne kati ya nane: kwanza mwenendo mwema kwa wengine, kisha nidhamu ya nafsi, kisha kukaa kwa utulivu, ndipo pumzi. Yenyewe ina sehemu tatu: puraka, kuvuta; kumbhaka, kuzuia; rechaka, kutoa. Uwiano wa zamani ni 1:4:2, maana yake kuzuia huchukua muda mara nne ya kuvuta. Hapo ndipo mgeni hupenda kurukia, kwa kuwa kuzuia kunaonekana kuwa ushujaa. Lakini Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, kinaonya kwamba pumzi hufugwa taratibu kama anavyofugwa mnyama wa mwituni.

Kwa hiyo naona anayeanza aache kuzuia na aache kupumua kwa kasi, mpaka apate mwalimu. Akae wima, avute kwa pua kwa sekunde 4, atoe kwa sekunde 6. Hizo ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika. Dakika tano zinatosha. Akiona kizunguzungu, aache na arudie pumzi yake ya kawaida. Mjamzito, mgonjwa wa moyo, wa shinikizo la damu au wa kifafa amwone daktari kwanza.

Na wewe unayeogelea, usipumue haraka haraka ili upate kuzama kwa muda mrefu. Kabonidioksidi ikiisha kutolewa, hamu ya kuvuta pumzi huchelewa. Oksijeni inaweza kukuishia ukazimia ndani ya maji bila onyo lolote.