Shukrani hutuliza moyo, haiondoi kipigo

Wapo akina mama wanaofika zahanati wakilalamikia kichwa, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Damu ikipimwa, malaria hakuna. Ukimuuliza kwa upole, ndipo mama anatoa la moyoni: nyumbani hakuna maelewano.

Kwake vidonge vya maumivu havitoshi. Lipo zoezi la saikolojia chanya, elimu inayokuza kilicho kizima ndani ya mtu. Kila usiku andika mambo 3 yaliyokwenda vizuri siku hiyo na sababu ya kila moja. Mfano: mtoto amemaliza juzuu, kwa kuwa nilimsikiliza kila jioni. Asiyejua kuandika ataje kwa mdomo. Mwaka 2005 Profesa Martin Seligman wa Marekani na wenzake walieleza kuwa waliofanya hivyo kwa wiki 1 walipungukiwa na huzuni, na nafuu ilionekana hadi miezi 6. Kwetu Waislamu si geni: Mwenyezi Mungu (s.w.) ameahidi kumzidishia anayeshukuru (14:7).

Lakini tahadhari. Zoezi humtuliza anayelifanya, halimbadilishi anayepiga. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2005 ulionyesha kuwa, kati ya kila wanawake 100 waliowahi kuwa na mume au mwenzi, 41 Dar es Salaam na 56 mkoani Mbeya waliwahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu naye. Kumwambia mama wa namna hiyo "shukuru tu, subiri" ni kufunga bandeji juu ya jipu lenye usaha.

Subira si kunyamazia dhuluma. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) hakumpiga mwanamke kamwe. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, nayo inakataza mume au mke kumpiga mwenzake.

Basi, mama, ikiwa ni ugomvi wa maneno, fanya zoezi hili na itisheni wasuluhishi, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, kama ilivyoelekezwa (4:35). Ukipigwa au kutishiwa, usikae: nenda hospitali, na polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Ukijiwa na mawazo ya kujiua, mwambie mtu na ufike hospitali siku hiyo hiyo.