Bunduki Zilinyamaza kwa Sababu ya Mnyoo



Juzi darasani nilichora mnyoo ubaoni, mrefu kama mita moja. Watoto wakacheka, mmoja akauliza, "Mwalimu, hiyo si nyoka?" Lakini mama mmoja aliyekuja kumchukua mtoto wake alisimama mlangoni, na yeye hakucheka. Alisema alimwona mnyoo huyo akitoka mguuni kwa kaka yake, msimu wa kulima, na mwaka ule shamba lao halikulimwa.

Huyo ndiye mnyoo wa Guinea. Mtu anakunywa maji ya bwawa yenye vidudu vidogo sana vilivyobeba watoto wa mnyoo. Hasikii kitu. Baada ya karibu mwaka mzima ngozi inavimba, mara nyingi mguuni, inachoma kama moto, kisha mnyoo anachungulia. Anazungushwa kwenye kijiti na kuvutwa pole pole, siku nyingi, maana akikatika ndani ni balaa. Mgonjwa anakimbilia maji apoze mguu, na hapo mnyoo anamwaga watoto wake majini. Dawa ya kumtibu hakuna, chanjo hakuna. Kinga ni kuchuja maji kwa kitambaa na kumzuia mgonjwa asiingie majini.

Sasa, vita vilikuwa vinaendelea. Nani atapeleka vitambaa kijijini huku risasi zinapita? Mwaka 1995 Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, alizungumza na serikali ya Khartoum na waasi wa kusini. Wakakubali kusitisha mapigano kwanza miezi miwili, ikaongezwa, ikakaribia sita. Wahudumu wa afya wakafika mahali ambapo hawakuwa wanafika, wakagawa vitambaa na kuchanja watoto. Wazee wengine wanasema haikuwa amani ya kweli, na sibishani nao, vita vilirudi. Lakini kuna watoto waliochanjwa katika miezi ile, na leo ni wazazi.

Shirika lake, Carter Center, alilianzisha na mkewe Rosalynn mwaka 1982 kule Atlanta. Desemba 1999 lilisaidia Sudan na Uganda kutia sahihi mapatano pale Nairobi. Na Januari 2011 Carter mwenyewe alikuwa hapa Juba, pamoja na Kofi Annan, wakiangalia kura ya maoni. Wasiojua kusoma walitazama picha: mkono mmoja ulioinuliwa maana yake kujitenga, mikono miwili iliyoshikana maana yake umoja. Mimi nilikuwa mtoto Kakuma, nakumbuka watu wazima wakionyeshana kidole chenye wino.

Turudi kwa mnyoo. Mwaka 1986 wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 3.5 katika nchi 21. Mwaka 2006, wizara ya afya ya kusini ilipoanza mpango wake ikisaidiwa na shirika hilo, huku kwetu pekee walihesabiwa zaidi ya 20,000. Mwaka 2024 dunia nzima hawakufika 20. Uganda ilithibitishwa kuwa imemmaliza mwaka 2009, Kenya 2018, Kongo 2022. Sudan Kusini bado. Carter alifariki Desemba 29, 2024, akiwa na miaka 100, na alikuwa amesema anataka mnyoo wa mwisho afe kabla yake.

Mbona naandika haya? Kwa sababu vijana wetu wanaokwenda kukata nyasi wanakunywa maji ya mabwawa huko porini, halafu wananiambia, "Mwalimu, yalikuwa masafi." Vidudu vile havionekani kwa urahisi. Tena wengine wanapanga kurudi vijijini msimu huu. Beba kitambaa safi kisichotoboka, kilichofumwa kwa karibu. Ukiona uvimbe unaochoma mguuni, usiingie mtoni, mwambie mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Jumamosi asubuhi nitaonyesha kuchuja maji pale chini ya mti wa shule. Njooni na ndoo zenu.