Fei Toto, De Bruyne na somo la mezani

MAPEMA mwaka 2021, Kevin De Bruyne alikaa mezani na mabosi wa Manchester City kujadili mkataba mpya. Hakuwa na wakala. Alikuwa na baba yake, wanasheria na kitu ambacho mastaa wengi wanakisahau nyumbani: namba.

Kiungo huyo Mbelgiji aliwapa kazi wataalamu wa takwimu wamchambulie mchango wake ndani ya timu, na kama City itaendelea kugombea makombe miaka inayokuja. Msimu wa 2019/20 alikuwa ametoa asisti 20 Ligi Kuu England, akiifikia rekodi ya Thierry Henry. Angeweza kuingia ofisini na kusema tu, "Nimeupiga mwingi, niongezeni." Yeye akaweka ripoti mezani.

Halafu kuna suala la muda. Mkataba wake wa zamani ulikuwa unaisha 2023, lakini hakusubiri maji yafike shingoni. Aprili 7, 2021 akasaini mpya hadi 2025. Hakuna aliyegoma, hakuna aliyezomewa.

Sasa turudi nyumbani.

Desemba 2022, Feisal Salum 'Fei Toto' alitaka kuondoka Yanga huku mkataba wake ukifika 2024. Aliingiza Sh112 milioni kwenye akaunti ya klabu: Sh100 milioni za kuvunja mkataba na Sh12 milioni za mshahara wa miezi mitatu. Yanga ikazirudisha, na kamati ya TFF ikaamua bado ni mchezaji wa Wananchi. Fei akakaa nje nusu msimu, wenzake wakicheza hadi fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Juni 2023, baada ya Rais Samia kuitaka Yanga imalize suala hilo, ndipo akatua Azam FC.

Vijiweni watu waligawanyika. Wapo waliosema klabu ina haki, wapo waliomwonea huruma dogo. Ila piga hesabu: Sh12 milioni kwa miezi mitatu ni Sh4 milioni kwa mwezi. Dau hilo halikupangwa Desemba. Lilikubaliwa siku kalamu ilipogusa karatasi. Kiwango cha Fei kikapanda, karatasi ikabaki palepale. Na kiwango kweli kilikuwepo, maana msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19 ya ligi akiwa na Azam.

Ndiyo maana mchezaji anayechipukia asiangalie pesa ya usajili peke yake. Aombe kipengele cha mshahara kupanda akifikisha idadi fulani ya mechi au mabao. Kipengele cha kuvunja mkataba kiandikwe wazi: nani anaweza kukitumia, lini na kwa kiasi gani. Na akumbuke kanuni ya FIFA inamruhusu kuzungumza na klabu nyingine mkataba ukibakiza miezi sita. Hiyo ni silaha halali, haihitaji mgomo.

Hata wewe unayesoma gazeti hili kwenye daladala ukiwaza namna ya kumwambia bosi akuongeze, mambo ni yaleyale. Nenda mapema, na uende na kazi uliyoifanya ikiwa imeandikwa. Ukishasaini, bosi atakujibu kwa karatasi yako mwenyewe.