Gari la Kikundi na Oili Inayochemka: Kuchagua na Kufunga Kipozaji



Katika vikundi ninavyotembelea, gari la fo-wili limekuwa mali kama vile posho mill ilivyokuwa zamani. Linabeba maziwa, magunia ya soko, mapipa ya maji, na usiku wa manane linabeba mama anayejifungua. Mengi ya magari haya ni mitumba kutoka Japani. Kanuni ya Kenya haikubali gari la mitumba lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, kwa hiyo linapofika bandarini bado linang'aa, na mara nyingi ni otomatiki. Huko lilikotoka lilizoea lami. Sisi tunaliingiza laga, matope na milima, tena limejaa hadi juu. Baada ya miezi michache giaboksi inaanza kusitasita, na fundi anamwambia mwenyekiti, "Mama, hii gari inataka oili kula."

Mama mmoja aliniuliza kama hicho kitu kinakula oili. La, hakili. (Kikianza kula, ujue kinavuja.) Oili kula ni kipozaji cha oili: rejeta ndogo ambayo ndani yake inapita oili badala ya maji, na upepo unapita katikati ya mapezi yake. Si kitu cha ajabu. Lakini nimeona vikundi vikilipia kipozaji ambacho gari halikuhitaji, na kingine kililipia kipozaji kilichoua giaboksi. Giaboksi ikifa mkopo haufi, kwa hiyo mweka hazina asome mpaka mwisho.

Joto linatoka wapi?

Katika gari la otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na giaboksi kuna kitu cha mviringo kinachoitwa konvata. Upande mmoja una mapanga yanayozungushwa na injini, upande wa pili una mapanga ya giaboksi, na katikati ni oili tupu. Mapanga ya kwanza yanairusha oili, oili inasukuma mapanga ya pili, gari linaenda. Sasa, gari likiwa zito na likienda polepole, upande mmoja unazunguka sana na mwingine kidogo, na oili inakorogwa hapo katikati kama uji. Kukorogwa huko ndiko kunakoleta joto. Kwenye lami, gari likishika mwendo, konvata nyingi hujifunga na joto linapungua.

Yaani mwendo wa kasi hauchemshi giaboksi. Inachemshwa na polepole pamoja na mzigo. Gari linaweza kuteremka kutoka Kitale, kwenye mita kama 1,900 juu ya bahari, hadi Lodwar kwenye mita kama 500, bila neno lolote. Halafu linaacha lami, linaingia mchanga wa laga kilomita chache tu, na hapo linaanza kunuka. Na safari ya kurudi juu na mzigo wa samaki ni ngumu kuliko ya kwenda.

Oili ya giaboksi, ile nyekundu ambayo mkebe wake umeandikwa ATF, hufanya kazi vizuri ikiwa kwenye digrii 80 hadi 95 hivi. Ikifika 120 inaanza kuharibika. Ikikaribia 150, sili za mpira zinakuwa ngumu na klachi za ndani zinaungua. Mafundi hukadiria kwamba kila digrii 10 hivi zinazoongezeka juu ya kiwango chake, maisha ya oili yanapungua nusu. Huhitaji mashine kuona dalili. Chota tone kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyekundu na safi, ni nzima. Ikiwa kahawia na inanuka kama mkate ulioungua, imeteseka. Na ikiwa inafanana na chai ya maziwa, simamisha gari siku hiyo hiyo: maji ya rejeta yameingia kwenye oili, na hakuna kipozaji cha nje kitakachotibu hilo.

Maji yaliingiaje? Magari mengi ya otomatiki tayari yana kipozaji kidogo cha oili kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta. Maji yanapoza oili. Kikitoboka humo ndani, maji na oili vinachanganyika. Tena kipozaji hicho kina mpaka wake: oili haiwezi kuwa baridi kuliko maji yanayoizunguka, na maji ya injini yenyewe yako karibu digrii 90. Hapo ndipo kipozaji cha pili, cha upepo, kinapopata kazi.

Kabla ya kutoa pesa

Gari lenye giaboksi ya mkono halina konvata, na kwa kazi zetu za kawaida halihitaji kipozaji cha giaboksi. Fundi akisisitiza, mwombe akuonyeshe joto linatoka wapi. Injini nyingi za dizeli nazo zina kipozaji cha oili ya injini tangu kiwandani. Oili ya pawa steringi inaweza kupata joto gari likivaa matairi makubwa na kukata kona nyingi kwenye mawe, lakini hiyo hupozwa na paipu moja iliyokunjwa mbele ya rejeta, na magari mengi yanayo tayari.

Halafu angalia rejeta kubwa. Gari ambalo maji yake yanachemsha halitaponywa kwa kufungiwa kipozaji mbele. Litazidi, maana upepo utafika kwenye rejeta ukiwa umeshapata joto. Je, mkanda wa feni umekaza? Kifuniko cha rejeta bado kinashika presha? Kule Kitale maji yaliyo wazi huchemka karibu na digrii 94, si 100, na presha ya kifuniko ndiyo inayozuia maji ya gari yasichemke mapema. Ndani ya rejeta kuna magadi? Sehemu nyingi za kaskazini maji ya visima yana chumvi, na dereva akijaza hayo kila siku, vijipaipu vinaziba kama birika la chai. Tumia kulanti, au angalau maji ya mvua mpaka upate kulanti.

Na kuna dawa isiyo na gharama. Kwenye mchanga na mlima mkali, dereva asimame, aingize wenzo wa fo-wili kwenye L4, kisha aende taratibu. Konvata inapumzika na joto linashuka sana. Madereva wengi hawataki kuigusa L4 kwa sababu gari linaonekana kwenda kama punda aliyechoka. Kikundi kiwaamuru. Kama baada ya hayo yote oili bado inaungua, basi nunueni kipozaji.

Kuchagua

Dukani utakuta aina mbili. Ya kwanza ni paipu moja ndefu iliyokunjwa kunjwa na kuvalishwa mapezi. Ni rahisi, na kwa gari dogo lisilobeba mzigo inatosha. Ya pili ni ya sahani bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine, na mapezi katikati. Hii inapoza zaidi kwa ukubwa ule ule, na oili inapita humo bila kubanwa sana. Kwa gari la mlima na mzigo mimi naona ni afadhali kuongeza pesa mpate ya sahani. Tundu la kuingilia oili lisiwe dogo kuliko paipu iliyotoka kiwandani, la sivyo mtaikaba koo giaboksi. Kuhusu ukubwa, fundi anaweza kusema "kubwa ndiyo nzuri", lakini kipozaji kisifunike rejeta nzima.

Sasa lile la kipozaji kilichoua giaboksi. Kikundi kimoja kilinunua kipozaji cha mtumba kutoka kwa gari lililovunjwa, kwa bei ya kufurahisha. Hakuna aliyeuliza lile gari lilivunjwa kwa nini. Giaboksi yake ilikuwa imesagika, na unga wa chuma ulikuwa umelala ndani ya kipozaji. Kilipofungwa kwenye gari la kikundi, oili ikausomba ule unga na kuupeleka kwenye giaboksi nzima. Wanachama walichanga upya karibu mwaka mzima. Kipozaji cha sahani hakisafishiki vizuri ndani hata ukikipiga hewa na petroli. Nunueni spea za mitumba za milango, taa na viti, lakini kipozaji kiwe kipya. Na kama giaboksi yenu wenyewe ilishasagika ikatengenezwa, kile kipozaji cha zamani kitupwe, na tangi la rejeta lenye kipozaji ndani libadilishwe pia.

Kufunga

Mahali pake ni mbele ya rejeta, lakini si popote pale mbele. Gari linalotambaa kwenye mawe halipati upepo wa mwendo; upepo pekee ni ule unaovutwa na feni. Kwa hiyo kipozaji kikae mkabala na feni, si pembeni ambako hakuna anayevuta. Kama gari lina rejeta ya eakondisheni, kipozaji kiwe mbele yake, na pawepo nafasi ya upana wa kidole ili visisuguane. Angalieni pia taa za ziada na vyuma vya kukinga mbele, visije vikazuia upepo wote.

Mafundi wengine hukifunga kwa nyuzi za plastiki zinazopenyezwa kwenye mapezi ya rejeta. Kataeni. Barabara ya mawe inatikisa siku nzima, uzi unasugua vijipaipu, na baada ya muda rejeta inatoboka. Kipozaji kifungwe kwa vyuma vilivyoshikwa na bolti kwenye fremu inayobeba rejeta, na kati ya chuma na kipozaji kuwe na mipira ya kupunguza mtikisiko. Kisifungwe upande mmoja kwenye chesisi na upande wa pili kwenye bodi. Gari likiingia shimoni chesisi inajipinda kivyake na bodi kivyake, na kipozaji kilicho katikati kitapasuka.

Midomo ya kipozaji ielekee juu, au ubavuni na oili iingilie chini kutokea juu. Ikielekea chini, hewa inabaki imefungiwa ndani na sehemu ya kipozaji haifanyi kazi.

Njia ya oili iwe hivi: itoke giaboksi, ipite kwenye kipozaji cha ndani ya rejeta, ndipo ije kwenye kipozaji kipya, kisha irudi giaboksi. Kwa hiyo paipu ya kukata ni ile inayotoka rejeta kurudi giaboksi. Fundi asikisie. Afungue paipu, aiweke kwenye chupa, injini iwashwe sekunde chache tu, aone oili inatokea upande gani.

Mipira ya kupitisha oili ndipo watu wanapobana pesa vibaya. Mpira wa maji ukipitisha oili unavimba na kulainika. Mpira wa petroli unaweza kuonekana sawa siku ya kwanza, lakini hautavumilia joto lile. Ombeni mpira ulioandikwa kwamba ni wa oili ya giaboksi. Mdomo wa paipu ya chuma uwe na kinundu ili mpira usiteleze, na klipu ikae nyuma ya kinundu. Mpira usiguse ekzosi wala usipite kwenye ukingo wa bati bila ringi ya mpira kwenye tundu. Uachwe na ulegevu kidogo, maana injini inacheza kwenye mipira yake wakati rejeta imetulia. Kama kipozaji ni cha oili ya injini, presha yake ni kubwa zaidi na klipu haitoshi. Nendeni kwa wale wanaobana vichwa vya mipira ya haidroliki ya trekta.

Kazi ikiisha, kipozaji na mipira vimemeza oili, pengine nusu lita au zaidi, kwa hiyo ongezeni. Kwa magari mengi kijiti hupimwa giaboksi ikiwa na joto, gari likiwa tambarare, injini ikinguruma kwenye P. Mengine hayana kijiti. Hayo apime anayeyajua. Baada ya kilomita 10 simameni mpanguse viungo vyote kwa kitambaa kikavu. Fanyeni tena baada ya kilomita 100, halafu kila wiki. Kwenye nyika ya majani marefu, mbegu za nyasi hujaa mapezi kama manyoya. Mwageni maji taratibu kutoka upande wa injini kwenda mbele, si kwa presha ya kuosha magari, maana mapezi yatalala.

La mwisho ni la dereva. Katika magari mengine ya Toyota kuna taa ya dashibodi iliyoandikwa A/T OIL TEMP. Ikiwaka, watu wengi wanazima injini kwa hofu. Ikiwa maji hayajachemka, asizime. Asimame mahali salama, aweke P, aache injini ingurume polepole ili oili izidi kuzunguka kwenye kipozaji, mpaka taa izimike yenyewe. Abiria washuke wakae kivulini.