Viota vya Rubondo

Kutoka Mwanza unavuka daraja la Kigongo–Busisi, unapita Geita hadi mwalo wa Nkome, kisha unapanda boti. Rubondo, kisiwa kilicho hifadhi ya taifa tangu 1977, kina nzohe kwenye matete, mamba, tembo na twiga. Hao wanajulikana. Lililoninasa mimi ni rundo la matawi juu ya mti.

Ni kiota cha sokwe. Mwongoza wageni wetu alitusimamisha chini yake akatueleza kinavyosukwa. Sokwe hukaa penye panda, huvuta tawi na kulikanyaga, huvuta la pili akalilaza juu ya la kwanza, na la tatu vivyo hivyo. Kisha hukunjia vijitawi ndani na kutandaza majani. Dakika chache tu kitanda kiko tayari, na kesho jioni atasuka kingine. Mtoto huijua kazi hiyo kwa kumtazama mama yake, mwaka baada ya mwaka.

Basi wale wa kwanza hapa, akauliza mwongozaji, walimtazama nani?

Kati ya 1966 na 1969, Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alileta kisiwani sokwe 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Walikuwa wamekamatwa porini wakingali wachanga, na baadhi walikaa vizimbani miaka mingi. Walifunguliwa bila kufundishwa chochote. Madume wawili walishambulia watu, wakapigwa risasi. Waliobaki wakajitafutia chakula, wakasuka viota, wakazaa. Sokwe wote wa Rubondo leo ni uzao wao.

Mwongozaji anaamini mikono yao ilikumbuka mikono ya mama zao. Natamani iwe hivyo, maana ingeonyesha kwamba kizimba hakikufuta kila kitu.

Lakini hakuishia hapo. Kisiwa hiki, alisema, kilikuwa na wenyewe: wavuvi na wakulima waliohamishwa kilipofanywa pori la akiba mwaka 1965. Wageni humuuliza habari za sokwe tangu asubuhi hadi jioni. Wanaomuuliza habari za watu hao ni wachache mno.

Sokwe walionyang'anywa msitu walitafutiwa mwingine. Wajukuu wa waliolima Rubondo wakitaka kuonyeshwa palipokuwa nyumba ya babu yao, nani atawaongoza, na wataingia kama wenyeji au kama watalii?