Kemia ya uso: Fani isiyotajwa nyumbani, iliyomo katika kila mzigo wa mpakani

Lori la mbolea linapovuka Rusumo, katoni za mafuta mgando zinaposhushwa Busia na tangi la dizeli linapokaa foleni Malaba, mfanyabiashara huona bidhaa tatu zenye bei tatu na ushuru wa namna tatu. Mkemia huona jambo moja. Zote zimepita juu ya uso wa chuma fulani kiwandani kabla ya kufika mpakani. Bila uso huo yurea isingetengenezwa kwa wingi, mafuta ya mbegu yasingeganda ndani ya kopo, na dizeli ingekuwa chafu mno kwa injini za leo.

Elimu inayochunguza mambo hayo ni kemia ya uso, pamoja na pacha wake, elimu ya vichocheo. Haitajwi sana majumbani kwetu. Mzazi anayeuza vitenge Gatuna au mahindi Namanga, akiambiwa mwanawe anasoma kemia, hufikiria ualimu au maabara ya hospitali. Kijana akimaliza shahada ya kwanza na kusema anataka uzamili, kisha uzamivu, swali huwa moja: miaka mingine sita ya nini?

Swali hilo ni la haki, na linastahili kujibiwa kwa hesabu ya faida na hasara.

Dalali asiyechoka

Kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuisha. Mfano wake ni dalali sokoni: huwakutanisha muuzaji na mnunuzi, biashara ikafungwa haraka, naye akabaki palepale kungoja wengine. Viwandani dalali huyo mara nyingi ni kitu kigumu, na wateja wake ni gesi au vimiminika. Wanakutana juu ya uso wake tu, si ndani. Ndiyo maana wataalamu huhangaika kupata vitu vyenye uso mpana ndani ya ujazo mdogo. Gramu moja ya mkaa ulioamshwa, ule unaowekwa kwenye vichujio vya maji, inaweza kuwa na uso wa zaidi ya mita za mraba 1,000. Gramu saba au nane zikitandazwa zingefunika uwanja wa mpira.

Mbolea ndiyo mfano mkubwa kuliko yote. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kutengeneza amonia kwa kiwango cha kiwanda mwaka 1913 huko Oppau, kwa kuunganisha nitrojeni ya hewani na haidrojeni juu ya chuma. Kabla ya hapo Alwin Mittasch na wenzake walijaribu maelfu ya michanganyiko hadi wakapata chuma chenye viongezo vinavyofaa. Kiwanda kilikuwa kikizalisha miaka mingi kabla mtu hajaeleza hatua kwa hatua kinachotokea juu ya chuma hicho. Aliyefanya hivyo, Gerhard Ertl wa Taasisi ya Fritz Haber mjini Berlin, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2007. Mfaransa Paul Sabatier aliipata mwaka 1912 kwa kuonyesha jinsi nikeli ya unga laini inavyowezesha haidrojeni kuungana na vitu vingine. Ni njia hiyo iliyotumika kugandisha mafuta ya mimea.

Kichocheo nacho kinaweza kuharibiwa. Salfa ni adui wake mkubwa, kwa sababu hunata juu ya uso na kukalia nafasi za wengine. Hii ni sababu mojawapo ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Gari lililotumika linaloshushwa Mombasa au Dar es Salaam huwa na kichujio kwenye bomba la moshi, ambacho mafundi wengi hukiita masega. Ndani yake mna platinamu, paladi na rodi zilizopakwa kwa unene mdogo sana. Ndiyo maana wezi hukikata, na wanunuzi wa vyuma chakavu hukiulizia kabla ya kitu kingine.

Madini yetu, nyuso za wengine

Mfanyabiashara anayekaa Tunduma huona malori ya kobalti kutoka Kongo, yaliyopita Kasumbalesa na Zambia, yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Kobalti ikichanganywa na molibdeni hutengeneza kichocheo cha kuondoa salfa kwenye dizeli. Kongo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha kobalti, lakini dizeli iliyosafishwa huifikia ikitoka mbali, kwa bei ya mbali. Ngara nako, karibu na mpaka wa Burundi, kuna hazina kubwa ya nikeli ya Kabanga. Tunasafirisha chuma kikiwa malighafi, kisha tunanunua kazi iliyofanywa na chuma hichohicho.

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mwaka 2013. Uganda imepanga kujenga kingine Hoima, chenye uwezo wa mapipa 60,000 kwa siku. Kiwanda cha aina hiyo hutegemea vichocheo karibu kila hatua. Vikichoka mapema, hasara huhesabiwa kwa siku. Anayejua kwa nini vimechoka na namna ya kuvihuisha hapatikani kwa tangazo la wiki mbili. Huyo ametayarishwa kwa miaka.

Afrika Kusini ilianza mapema. Sasol hutengeneza petroli na dizeli kutokana na makaa ya mawe kwa kutumia vichocheo tangu miaka ya 1950. Chuo Kikuu cha Cape Town ni mwenyeji wa kituo cha taifa cha ubora katika elimu ya vichocheo, kilichoanzishwa mwaka 2004. Chuo hicho pia kinashirikiana na taasisi ya madini ya Mintek katika utafiti wa vichocheo vya nishati ya haidrojeni, na sababu iko wazi: nchi hiyo ndiyo mzalishaji mkubwa wa platinamu duniani. Waliamua kuijua platinamu, si kuichimba tu.

Miaka sita inakwenda wapi

Uzamili huchukua takriban miaka miwili. Uzamivu ni mitatu au minne kwenye karatasi, na mara nyingi huzidi. Muda mwingi hauendi darasani. Mwanafunzi hutengeneza kitu, pengine kutokana na udongo, majivu ya pumba za mpunga au mifupa, akapima uso wake, akakijaribu, kikashindikana, akaanza tena.

Utafiti wa namna hiyo tayari umegusa maisha ya watu wa Bonde la Ufa. Katika maeneo ya Arusha na Nakuru maji ya visima yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Athari yake inaonekana kwenye meno ya watoto. Mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa hewa kidogo huinasa floraidi juu ya uso wake, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeifanyia kazi njia hiyo kwa miaka mingi.

Askwar Hilonga, Mtanzania aliyesomea uzamivu Korea Kusini kisha akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha, aliunganisha mchanga na chembe ndogo mno zinazonasa uchafu wa aina mbalimbali. Kichujio chake kilishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, yenye thamani ya pauni 25,000. Utafiti huo ulifika sokoni ukawa bidhaa yenye bei.

Kikwazo kikubwa ni vifaa. Kupima uso kunahitaji nitrojeni ya kimiminika, umeme usiokatika, darubini ya elektroni na fundi wa kuitengeneza inapoharibika. Pasipo na hivyo, sampuli hutumwa nje na mwanafunzi husubiri. Bara zima la Afrika halina hata mtambo mmoja wa sinkrotroni, unaotoa mwanga mkali wa kuchunguzia mpangilio wa atomu.

Nani analipa

Hapa ndipo mzazi anapotakiwa kuwa mwangalifu. Uzamivu wa sayansi ya maabara haufai kulipiwa kwa faida ya duka. Ada ni sehemu ndogo tu ya gharama. Kemikali, gesi na vipimo ndivyo vinavyokula fedha. Uholanzi na Ujerumani mwanafunzi wa ngazi hii mara nyingi huajiriwa kwa mshahara. Marekani vyuo vingi humsamehe ada na kumlipa posho kwa kazi ya kufundisha au utafiti, na wengine huingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza.

Karibu na nyumbani kuna mfuko wa RSIF, unaosimamiwa na taasisi ya icipe jijini Nairobi, unaosomesha uzamivu katika sayansi na teknolojia. Shirika la OWSD huwafadhili wanawake wasome uzamivu katika nchi nyingine inayoendelea. DAAD ya Ujerumani nayo hutoa ufadhili wa kusomea ndani ya kanda.

Kabla ya kukubali nafasi, kijana aulize mambo manne. Msimamizi ana fedha za utafiti hadi mwaka gani? Kifaa kikuu kipo chuoni na kinafanya kazi? Waliotangulia walimaliza kwa miaka mingapi, na sasa wako wapi? Chuo kinamtoza mwanafunzi wa nchi jirani ada ya mwenyeji au ya mgeni? Asiyepata majibu yanayoeleweka, afadhali asubiri mwaka mmoja kuliko kupoteza minne.

Kazi baada ya kofia

Tangazo linalosema "anatakiwa mtaalamu wa vichocheo" ni nadra katika kanda hii, na kijana aelezwe hivyo mapema. Wengi huishia kufundisha vyuoni, au kufanya kazi katika viwanda vya sabuni, rangi, saruji na bia, mamlaka za maji, ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na mashirika ya viwango kama TBS, KEBS na UNBS.

Nafasi hizo za mwisho zinamgusa mfanyabiashara moja kwa moja. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lilipoondolewa siku chache baadaye, sharti mojawapo lilikuwa cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Katika vipimo vya maabara vya kina, sumu hiyo hutenganishwa kwa kupitishwa juu ya uso wa chembe zinazoinasa kwa muda. Na zipo aina za udongo ambazo, zikichanganywa kwenye chakula cha mifugo, huikamata sumukuvu kwa uso wao. Mtu anayeyajua hayo akikosekana upande mmoja wa mpaka, lori husimama.

Bidhaa zinapita, ujuzi je?

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na inahusu watu pia, si mizigo peke yake. Mikataba ya kwanza ya kutambuana kitaaluma ilihusu wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza kanda kuwa eneo moja la elimu ya juu. Mwenye mzigo wa dola 2,000 au pungufu anaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasilia, kama bidhaa yake imo kwenye orodha. Orodha hiyo haikuandikwa kwa ajili ya chupa ya unga inayotoka maabara ya Eldoret kwenda kupimwa Arusha.

Hakuna nchi moja ya jumuiya inayoweza kununua na kutunza kila kifaa peke yake. Darubini ikiwa Nairobi, kipimo cha uso Arusha na mashine nyingine Kampala, mwanafunzi wa Bujumbura angeweza kumaliza kwa wakati, ilimradi yeye na sampuli yake wavuke bila kusumbuliwa. Wafanyabiashara walipigania vituo vya pamoja vya forodha hadi vikajengwa. Vyama vyao vinapokaa na maofisa wa jumuiya, suala la maabara za pamoja na sampuli za wanafunzi linafaa kuingizwa kwenye ajenda ileile ya mizigo, kwa sababu vyeti vinavyoruhusu mizigo hiyo kupita hutoka kwa watu hao.