Kupima Theluji kwa Sauti: Mukulima Ajue Maji Mbele ya Kupanda

Ndugu wanamemba wa ushirika, huku kwetu theluji iko mbali na shamba. Wenye kuishi upande wa Ruwenzori ndio wanaweza kuiona, juu kabisa ya mulima, penye kilele kinafika metre 5109. Lakini magharibi mwa Marekani, theluji ndiyo gala ya maji ya mukulima. Inaanguka milimani wakati wa baridi na kukaa huko miezi mingi. Kisha jua linaiyeyusha, maji yanashuka mutoni na kuingia katika mifereji ya mashamba wakati mvua hainyeshi. Katika jimbo la California, karibu theluthi moja ya maji ya watu na mashamba inatoka katika theluji.

Tatizo ni hili: mukulima ananunua mbegu na kuchukua mukopo mbele maji hayajashuka. Kama theluji ilikuwa kidogo, mimea itakauka na deni litabakia. Ni juu ya hiyo wanapima.

Sauti inaenda, sauti inarudi

Ukipaza sauti mbele ya mulima, sauti inakurudilia. Popo anatembea usiku kwa njia hiyo hiyo. Kifaa cha kupima theluji kinafungwa juu ya mulingoti, kikiangalia chini. Kinatoa sauti nyembamba sana, sikio la mutu haliisikie. Sauti inagonga theluji, inarudi, na kifaa kinahesabu muda uliopita.

Tuseme kifaa kiko metre 4 juu ya udongo. Kikipata kwamba theluji iko metre 2,5 chini yake, basi urefu wa theluji ni metre 1,5. Ni kutoa tu, kama hesabu ya sokoni.

Baridi inadanganya kifaa

Kwenye digri 0, sauti inakimbia metre 331 kwa sekunde. Kwenye digri 20 chini ya 0, inakimbia metre 319 tu. Kama hamurekebishe hesabu, katika mufano wetu kifaa kitapunguza karibu sentimetre 10 za theluji ambayo iko pale kweli. Kwa hiyo kando yake wanaweka kipimo cha joto. Tena theluji mupya, laini kama pamba, inameza sauti, na upepo mukali unaivuruga.

Urefu si maji

Sentimetre 10 za theluji mupya zinatoa karibu sentimetre 1 ya maji. Theluji ya zamani, iliyoshikamana, inaweza kutoa 3 ao 4. Ni kama gunia: usiangalie tu kimo chake, ulipime kilo. Wizara ya Kilimo ya Marekani iko na vituo zaidi ya 900 milimani, na mule wanapima pia uzito wa theluji. Hesabu zinatumwa zenyewe, na mukulima anazisoma bila kulipa.

Tarehe 1 mwezi wa ine 2015, vipimo vya California vilionyesha theluji asilimia 5 tu ya kawaida. Siku ile gavana Jerry Brown alisimama juu ya majani makavu, pahali penye kwa kawaida theluji inakuwa nyingi, na akaagiza miji ipunguze maji kwa asilimia 25. Mashamba mengi hayakulimwa mwaka ule. Kipimo hakikuleta maji, lakini mutu aliyekisoma aliweza kuacha mbegu yake ndani ya gala.

Na sisi?

Kifaa cha namna hii kinapima pia maji ya muto, ya kisima na ya tanki. Kama mradi unawaletea kimoja, muulize maswali matatu: Moto wake utatoka wapi? Kinarekebisha joto? Nani atakisafisha? Kisha mupande kando yake muti wenye alama za sentimetre, na kila juma mulinganishe. Muti na kifaa vikipishana, mutafute sababu mbele ya kuamini kimoja.

Na kama kifaa hakuna, muti ule na daftari vinatosha kuanza. Muandike kila juma, siku ile ile, hata wakati maji ni mengi. Mwaka wa kiangazi, daftari ile ndiyo itawaonyesha mapema kama maji yanatosha shamba lote ao nusu tu, mbele hamujaweka feza ya ushirika katika mbegu.